Baruti Alipoacha Kutoka

Daktari alifungua kichupa mbele yangu, akakinusa kidogo, kisha akanikabidhi. "Mpe hii siku tatu," akasema. "Ni ya maumivu. Inanukia asali, atailamba mwenyewe." Nikakisogeza puani kwa adabu tu. Harufu ile ilinipanda kichwani hadi nikashika ukingo wa meza. Kitoto changu cha paka kilikuwa hakijazinduka, kimelala ubavu juu ya kitambaa cha kijani, ncha ya ulimi imekitoka. Nilikuwa Kiembeni, mchana kweupe, mtu mzima mwenye funguo za nyumba yake mkononi. Lakini kwa pumzi mbili tatu nilikuwa jikoni kwetu Jomvu Kuu, nimesimama juu ya mbuzi ya kukunia nazi ili nifikie rafu, na birika la chai ya baba likitokota kando yangu.

Wenzangu mliolelewa katika nyumba ambazo baba hupita kama mgeni mtanielewa upesi. Wangu alikuwa dereva wa trela. Alibeba makontena kutoka bandarini hadi Malaba, mara nyingine akavuka mpaka hadi Kampala. Akirudi huliacha gari juu, kando ya barabara kuu, akateremka kwa miguu kwenye kijia kinachopita nyuma ya msikiti. Hukaa siku tatu. Siku ya kwanza hulala. Siku ya pili hula, hucheka, hunibeba mabegani japo miguu yangu ilishakuwa mirefu. Siku ya tatu husimama mlangoni, mikono mfukoni, akisikiliza magari kule juu, na mimi nikijua kwamba keshaondoka, kilichobaki ni kuvaa viatu. Baba wa siku ya pili nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani. Baba wa siku ya tatu nilimchukia.

Baruti alikuja naye katika moja ya safari hizo. Baba alimtoa kwenye mfuko wa jaketi, kitu kidogo cheusi chenye kifua cheupe, kinachofoka kwa hasira.

"Nimemwokota kwenye mizani ya Mariakani, chini ya tairi," akasema. "Tazama alivyoning'ata. Huyu jina lake Baruti. Atakaa nawe mimi nisipokuwepo."

Lakini Baruti hakuwa wa kukaa. Alipokuwa mdogo alipanda mapazia, aliwinda vidole vyangu chini ya shuka, alikimbia kutoka chumba hadi chumba kama aliyeitwa na mtu. Hayo niliyapenda. Alipofika miezi sita hivi akaanza mengine. Alilia kwa sauti nzito ambayo sikujua kama imo ndani ya mwili mdogo vile. Alitoka, akapotea siku mbili, akarudi na sikio limechanika, akala, akalala, akatoka tena. Mlangoni, kabla ya kuondoka, alisimama kidogo na kuelekeza masikio kwenye kijia. Mimi nilikaa sakafuni nikimtazama, kwa sababu msimamo ule niliujua.

Na alikuwa akinyunyiza mkojo. Alinyunyiza mguu wa meza, gunia la mchele, kisha mswala wa mama. Mama alinifundisha kwamba paka mwenyewe hana najisi, hata akigusa maji yako ya udhu hayaharibiki, lakini mkojo wake ni najisi kama mkojo mwingine wowote. Kwa hiyo mswala ulifuliwa. Kesho yake ukafuliwa tena.

"Wallahi huyu paka ana yake na mimi!" mama alisema, akiukamua uani. "Mara ya tatu wiki hii. Nitasali juu ya nini, nambie? Atanyunyiza tena mara moja, mara moja tu, namtia guniani nimwache Kongowea sokoni, akale vichwa vya samaki na wahuni wenzake."

Bi Zainabu, jirani tuliyepakana naye ukuta, mwanamke mnene wa maneno matamu aliyekuwa hapitwi na jambo, akachungulia juu ya ua. "Usimtupe, shoga. Pale skuli pana madaktari wa mifugo wamepiga hema. Wachanja mbwa, na hawa madume wasumbufu wawatuliza. Mpeleke, waambiwa hawachukui hata senti."

Mama alimfunika Baruti ndani ya kikapu cha ukili, akaenda. Mimi niliambiwa nibaki langoni. Waliporudi alasiri Baruti alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholoa, macho nusu wazi, haniangalii. Nilimuuliza mama wamemfanya nini. Mama akamtazama Bi Zainabu, na Bi Zainabu akatazama chini, akauma mtandio wake.

Kwetu mambo kama hayo hayakusemwa mbele ya mtoto. Mtoto aliuliza, na mtu mzima akatafuta pa kupitishia. Hata neno kuhasi nililisikia mara ya kwanza nikiwa mkubwa, darasani, wavulana wakicheka. Ningeliambiwa siku ile kwamba daktari amekata, ningelia, na jioni ningekuwa nimesahau. Lakini haya ya mama ilikuwa kubwa, na jibu lililokuwa karibu na mkono wake lilikuwa kichupa.

"Kapewa dawa," akasema, akakitoa kwenye kanga. "Dawa ya kumtuliza nyumbani. Hatatanga tena, inshallah."

"Kuanzia leo?"

"Daktari asema tungoje. Wiki tatu, nne, hubadilika polepole."

Hapo Bi Zainabu hakuweza kujizuia. "Basi ibakishe kidogo, shoga! Umtilie na baba mtoto kwenye chai, naye atulie."

Wakacheka wote wawili mpaka mama akajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia mara nyingi wanawake wa pale uani wakinong'ona habari za dawa za kuwaweka waume nyumbani, za nani alikwenda kwa nani akapewa nini, na daima mazungumzo yalikatika nilipokaribia. Sasa dawa yenyewe ilikuwa pale, nimeiona, ya manjano, inanukia asali.

Baruti alilamba kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anakimbia uani kama hakikutokea kitu, mama akaona imetosha, akakiweka kichupa juu ya rafu nyuma ya mkebe wa chumvi. Nami nikaanza kuhesabu wiki.

Wiki ya kwanza alitoka, akarudi na tope. Wiki ya pili alilia mlangoni siku moja tu. Kufika wiki ya nne nilikuwa naishi na paka mwingine. Si kwamba alipoteza kila kitu. Bado aliwinda vidole vyangu, bado aliruka aliposikia kisu kikiparua magamba ya samaki, bado alimng'ata mtu yeyote aliyemgusa mkia. Lakini mswala ulikaa mkavu. Sauti ile nzito iliondoka, na magomvi ya juu ya mabati yakawa ya paka wengine. Alinenepa. Jioni alikwenda hadi kizingitini, akakaa, akatazama kijia, na mimi nikaacha kupumua. Kisha akageuka, akaja kulala miguuni pangu. Kila mara alipogeuka nilihisi kwamba Mungu ananionyesha jambo.

Baba alirudi. Siku ya kwanza alilala, siku ya pili alinipa mabega. Asubuhi ya tatu akasimama mlangoni. Mama alikuwa uani akianika nguo. Niliburuta mbuzi ya nazi hadi chini ya rafu, nikapanda, nikakichukua kichupa, nikamimina yote iliyosalia ndani ya kikombe chake cha bati. Ilikuwa kiasi cha vijiko viwili. Nikamimina chai, nikakoroga kwa kidole, nikaungua, sikulia.

Alipiga funda la kwanza akasita. "Nani katia asali?"

"Mimi."

"Ahsante, mamangu," akasema, akanipapasa kichwa, akanywa mpaka mwisho. Kisha akavaa viatu.

Sikushtuka, maana daktari alisema tungoje. Alikwenda akarudi, akaenda tena. Nilimchunguza kama nilivyomchunguza Baruti. Nilihesabu saa alizolala. Nilitazama kama ananenepa. Safari ile ya pili, mchana mmoja, kabambe ya mama, simu ndogo ya vitufe, ikalia dirishani, na mama akaisikiliza, kisha akakaa chini pale pale penye maji aliyokuwa akipigia deki. Baba alikuwa ameanguka Malaba akiteremka kutoka kwenye gari. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Kiharusi, walisema, ingawa mimi neno hilo sikulijua, na hata ningelijua nisingeliamini, kwani nilikuwa na maelezo yangu.

Walimleta baada ya majuma ya hospitali. Wanaume wawili walimshika makwapa wakamteremsha kwenye kijia, mguu mmoja ukiburuta mchanga, mdomo umevutwa upande mmoja. Wanawake walijaa nyumbani, wanalia. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Niliogopa kwamba atanitazama na kujua. Na chini ya woga huo, niseme tu, kulikuwa na furaha. Nilifikiri: sasa hataondoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka mizuri. Nisiposema hivyo nitakuwa nadanganya. Baba alikuwa barazani nilipokwenda skuli na alikuwa barazani niliporudi. Nilimlisha uji, nilimfunga vifungo, nilimsomea vitabu vyangu vya darasa. Maneno yake yalikuwa machache, yalitoka yamevunjika, lakini jina langu alilisema sawasawa. Baruti alilala mapajani pake kutwa nzima. Mtu aliyepita aliwakuta hivyo wawili, na wengi walisema maskini, nami nilijua wanasema nini lakini moyoni nilikuwa tajiri.

Ila palikuwa na mguu wake wa kushoto. Mchana, upepo ukituelekea, tulisikia trela zikipanda kutoka Miritini, zikibadilisha gia, breki za upepo zikipumua. Hapo mguu wake mzima ulinyanyuka na kukanyaga sakafu, polepole, kisha ukaachia. Ulikuwa unakanyaga klachi. Uso wake haukuonyesha chochote. Niliongeza sauti ya kusoma. Mpaka leo nikisikia gari kubwa likibadilisha gia, ninasikia na unyayo ule ukigusa saruji.

Na nilibaki na siri ya kichupa. Sikula chochote chenye asali. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilishajua mambo ya paka na ya visu, nilishajua kiharusi ni nini, lakini kujua hakukufika kule chini nilikouweka woga. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, bila mtu kumuuliza kama chai ile aliisikia ladha nyingine. Nimeishi na kikombe kile cha bati miaka yote hii.

Ndiyo sababu pale Kiembeni, nimeshika ukingo wa meza, nilimuuliza daktari maswali ambayo yeye aliyaona ya mtu mwenye kupenda paka kupita kiasi.

"Akishahasiwa, anabaki yeye?"

Alikuwa msichana wa bara, mpole, mwenye subira. "Anabaki yeye kabisa," akasema. "Utundu wake, kucheza, kukuzoea wewe, hayo hayaguswi. Kinachopungua ni kutafuta majike, kupigana, kunyunyiza. Huchukua wiki kadhaa mpaka mwili uishiwe nguvu ile iliyobaki. Atakula zaidi, kwa hiyo mpimie chakula."

"Na akikaa mlangoni anatazama nje? Anaumia?"

"Hapana. Paka hatamani kitu ambacho hamu yake imekwisha. Anatazama tu. Akitaka kutoka, atatoka."

Kisha nikamuuliza mtu mzima akinywa hiyo dawa, vijiko viwili, itamfanya nini. Akanitazama vizuri. "Kuna mtu amekunywa?" Nikamwambia zamani, na kwamba mtu huyo alipata kiharusi baadaye. "Baada ya muda gani?" Nikahesabu kwa sauti: safari moja kwenda na kurudi, kisha ya pili. Zaidi ya mwezi. Alitikisa kichwa, akanishika mkono. "Dada, vijiko viwili vya dawa ya paka, mara moja, mwili wa mtu mzima? Baada ya mwezi? Siyo hiyo. Pole sana. Siyo hiyo."

Sikwenda nyumbani. Nilikodi tuktuk na kikapu changu mapajani, nikaenda moja kwa moja Jomvu Kuu. Mama alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Amezeeka, mikono imekonda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa nini huyu, hata hana fahamu?"

"Ametoka kwa daktari." Nikakaa kwenye mkeka na kumwambia yote: rafu, mbuzi, kikombe cha bati, asali. Alisikiliza mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile kile cha siku ile na Bi Zainabu, Mungu amrehemu, akacheka hadi punje za mchele zikamwagika.

"Mwanangu weye! Miaka yote hii? Ndiyo maana asali ulikuwa huitaki hata Ramadhani! Babako alikuwa na presha tangu sijakuzaa, na vidonge hamezi, asema vyamlaza barabarani. Mbona hukunambia?"

Nikacheka naye. Kifua kililegea. Nilidhani hapo ndipo nilipokuwa nakuja, kwamba nimefika. Lakini maneno ya daktari yalikuwa bado yananizunguka, ya hamu iliyokwisha, na nikajua kwamba kikombe cha bati nilikuwa nimekishika kwa nguvu miaka yote ili mkono usiguse kitu kingine kilichokuwa nyuma yake.

Mwaka wa pili baada ya kuanguka, baba alianza kupata nguvu. Fundi wa vitanda alimchongea mkongojo, naye akajifunza kufika kwenye kona ya msikiti na kurudi. Kila mtu alimpongeza. Siku moja, mama yuko sokoni, aliniita. "Abee baba," nikaja. Akanyoosha mkono wa kushoto juu, kule magari yanakopita. "Ba," akasema. "Barabara." Alitaka nimpeleke ayaone. Ilikuwa mwendo wa robo saa, labda nusu saa kwa miguu yake. "Kesho, baba," nikamwambia. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu niliporudi kutoka skuli sikumkuta barazani. Nilimkuta katikati ya kijia, amelowa jasho, anapanda hatua moja, anapumzika, anapanda nyingine, uso wake umeelekea juu. Ulikuwa uso wa mlangoni. Sikuwa nimeuona tangu arudi.

Nilimgeuza. Nilimwambia jua kali. Alipolala mchana huo nilichukua mkongojo, nikausukuma nyuma ya kabati la vyombo, ukingoni kwa ukuta, mpaka usionekane.

Alipoamka aliupapasa ukuta pale alipoegemeza mkongojo. Mkono ulikwenda juu, ukashuka, ukaenda pembeni hadi kwenye fremu ya mlango, ukarudi. Mimi nilikuwa sakafuni nafanya hesabu. Sikunyanyua kichwa. Nilisikia kiganja kikikwaruza chokaa, kikisimama, kikikwaruza tena, kwa muda mrefu sana, na yeye hakuniuliza. Mama aliporudi kutoka sokoni aliuliza mkongojo uko wapi, nikasema sijui. Akasema atamwagizia mwingine. Haukuagizwa. Miguu ikarudi kulegea, ikakonda, na baba hakuiona barabara tena mpaka alipopitishwa juu ya mabega ya watu kwenda makaburini.

Nilimweleza mama haya yote nikitazama kikapu. "Kwa hiyo siyo dawa," nikasema. "Lakini mkongojo niliuficha mimi, mama. Alitaka kutoka, nikamfungia."

Mama alikuwa ameacha kucheka. Aliokota punje zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Kitoto cha paka kilisogea ndani ya kikapu, kikalia kidogo.

"Nyuma ya kabati la vyombo," akasema.

Nikainua macho kutoka kwenye kikapu.

"Niliuona wiki ile ile, nafagia. Niliutoa, nikausimamisha mlangoni nimpe. Nikamwangalia alivyokaa na paka wake." Alipeta mchele mara moja, mara ya pili. "Nikaurudisha."